Makao Mawili ya Mnana wa Kilifi

Leo nakuletea habari za ndege mdogo, mwenyeji wa pwani yetu, ambaye duniani kote anajulikana kuishi katika kaunti moja tu ya Kenya. Kaunti hiyo ni Kilifi, na ndege mwenyewe ni mnana wa Kilifi. Mwenye kumtaka atoke London, atoke Tokyo, atoke Nairobi, ni lazima aje huku kwetu, aingie msituni, ainue shingo atazame juu ya miti. Hakuna pengine pa kumtafuta.

Nimemchagua kwa sababu habari yake inafundisha jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii tunapozungumza habari za ndege, au za mnyama yeyote. Tunadhani tukishamjua kwa sura na tukajua msitu anaoonekana, basi tumemmaliza. Mnana wa Kilifi ametuonyesha kwamba kiumbe hajulikani mpaka pajulikane anapozalia watoto wake, na wala hawezi kulindwa kabla ya hapo. Kwa ndege huyu, kuijua sehemu hiyo ya pili ya maisha yake kulichukua miaka 100. Basi nifuate taratibu. Kwanza tumtambue, kisha tuone tabia zake, halafu tufike alikojificha muda wote huo.

Tuanze na sura. Minana wengi unawajua. Ndio wale ndege wa manjano wanaofuma viota vyao na kuvining'iniza kwenye makuti ya minazi na matawi ya miti mikubwa vijijini, wakapiga makelele tangu alfajiri mpaka watu wakose usingizi. Wale ni minana wa kijijini, na wana jamaa wengi. Dume ana kichwa cheusi na mgongo wa manjano uliotiwa madoa meusi. Huyo hapati taabu ya kutafutwa. Yuko palipo na watu, mashamba na nafaka.

Mnana wa Kilifi ni mwingine kabisa. Hakai kijijini wala hali mtama shambani. Ni ndege wa msituni, urefu wake sentimita 13 hivi, akikaa kwenye kiganja chako kinabaki na nafasi. Dume ni mweusi kichwani na mgongoni, na tumbo lake ni la manjano safi. Kwenye bawa, mtazame vizuri hapo: manyoya ya bawa yamezungushiwa kingo za manjano, zinaonekana kama mistari ndege anapogeuka. Jike yeye hana weusi huo. Mgongo wake una rangi ya kijani kilichofifia, chini ni manjano. Makinda waliokwisha kuruka wanafanana zaidi na mama yao.

Sasa, kwa nini nasisitiza bawa na jike? Ni kwa sababu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambamo mnana wa Kilifi huonekana, yuko mnana mwingine anayewapoteza hata watu waliozoea darubini. Wataalamu wanamwita Ploceus bicolor, nasi tumwite mnana wa msituni. Huyu naye ni mweusi juu na manjano chini. Ukimwona peke yake, jua likiwa nyuma yake, majani yakimkinga, utaapa kwamba umempata mnana wa Kilifi. Na wako wengi walioapa hivyo, wakaandika, na baadaye ikabidi wafute.

Njia ya kuwatenganisha ni hii. Mnana wa msituni, bawa lake ni jeusi bila kingo za manjano. Tena kwake dume na jike wamevaa sare. Huwezi kumjua mume wala mke kwa rangi. Kwa hiyo ukiona ndege wawili au watatu, wote weusi mgongoni, usikimbilie kuandika. Bali ukiona kundi, na ndani ya kundi wamo weusi na wamo wenye migongo ya kijani, hapo moyo wako una haki ya kudunda. Ndege mmoja anaweza kukudanganya, lakini kundi zima halidanganyi kirahisi.

Na tukishataja kundi, tayari tumeingia katika tabia. Mnana wa msituni hutembea na mwenziwe, au na jamaa wachache, na huimba. Wimbo wake ukishausikia hutausahau, maana una mkwaruzo wa bawaba iliyoshika kutu, halafu noti chache tamu, na mara nyingi mume na mke hupokezana. Mnana wa Kilifi yeye ni ndege wa jamaa. Husafiri kwa makundi, ya kadiri na hata makubwa, wakipita juu ya vilele vya miti, wakilialia kwa sauti nyembamba za harakaharaka, wote kwa pamoja. Wewe uliye chini unasikia msafara ukikaribia, unapita juu ya kichwa chako, unakwenda zake. Usipokuwa tayari na darubini mkononi, utabaki na sauti tu.

Ndiyo maana wale vijana wa Gede na Watamu wanaoongoza wageni msituni huanza kwa masikio. Wanasimama kwenye njia asubuhi, kabla jua halijawa kali, wanasikiliza. Mara nyingi wanachokisikia kwanza si mnana mwenyewe, ni msafara mzima wa ndege wa aina mbalimbali wanaotafuta chakula pamoja: mlamba yumo, vigong'ota wamo, chozi wamo. Ndege wa msituni hufuatana hivyo kwa faida. Mmoja akimfurusha mdudu, mwingine humdaka. Mmoja akimwona kipanga, wote husikia onyo lake. Minana wa Kilifi hupenda kujiunga na misafara hiyo, kwa hiyo mwenye kuujua mlio wa mlamba amepiga hatua ya kwanza ya kumwona mnana.

Chakula chake ni wadudu hasa: viwavi, mbawakawa na wengineo anaowachokoa kwenye majani na matawi, pamoja na matunda madogo ya porini. Jamaa zake wengi wanaishi kwa mbegu na nafaka, na ndio sababu wamekuwa marafiki, au tuseme majirani wasumbufu, wa mkulima. Huyu wa Kilifi amefunga maisha yake na mti, na mti wenyewe ni mrihi.

Mrihi, msikilizaji, unastahili tuutazame kwa muda. Ni mti wa msitu wa wazi, wenye matawi yaliyotanda, na majani yake machanga hutoka na rangi ya wekundu kabla hayajawa kijani. Huota kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, mchanga ambao ukipanda mahindi unapata msimu mmoja au miwili, kisha ardhi inachoka. Ndani ya Arabuko-Sokoke kuna misitu mitatu katika mmoja. Upande wa mashariki, kuelekea bahari, kuna msitu wa mchanganyiko wenye mibambakofi. Upande wa magharibi, kwenye mchanga mwekundu, kuna msitu mzito wa miti mifupi iliyosongamana. Katikati yao unapita ukanda wa mirihi. Msitu wote una kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, lakini ukanda wa mirihi hauifikii hata robo yake. Katika ukanda huo ndimo minana wetu wanamotafuta riziki, juu vileleni.

Ukitoka Arabuko-Sokoke ukaelekea kaskazini, ukavuka mto Sabaki, unaingia nchi ya Magarini. Huko, mbele ya Marafa, upande wa ndani wa Malindi, kuna eneo la misitu na vichaka linaloitwa Dakatcha. Ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 1,900, na ndani yake mna mirihi pia, imesimama kwa mafungu mafungu. Wakaao huko ni Wagiriama pamoja na Waata, watu wa asili ya uwindaji ambao pori hilo wamelijua tangu enzi. Sasa uweke akilini tofauti moja kubwa. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, una mipaka, una askari. Dakatcha sehemu yake kubwa ni ardhi ya jamii na ya watu binafsi, haina uzio wala lango.

Hayo ndiyo makao mawili ya mnana wa Kilifi: msitu wenye ulinzi kusini mwa Sabaki, na pori ambalo sehemu yake kubwa haina ulinzi kaskazini. Hebu sasa tutazame jinsi makao hayo yanavyohusiana.

Ndege huyu aliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1913, na Mwingereza aitwaye Stephenson Clarke, ambaye alimpa jina la ndugu yake, Goland. Ndiyo maana katika vitabu utamkuta akiitwa Ploceus golandi. Tangu hapo wataalamu walikuja wakaenda. Walimwona Arabuko-Sokoke, wakamchora, wakaandika chakula chake, wakayahesabu makundi yake. Baadaye alitambuliwa Dakatcha pia. Lakini swali moja liliwashinda wote: kiota chake kiko wapi?

Mnana asiyejulikana kiota chake ni jambo la kushangaza, kwa maana kufuma viota ndiyo kazi inayowatambulisha minana wote. Jamaa zake wa kijijini hufuma mbele ya macho ya watoto wa shule. Mnana wa msituni anajulikana vizuri: kiota chake kinaning'inia kwenye tawi, na mlango wake ni mrija mrefu unaoelekea chini. Huyu wa Kilifi, hakuna mtaalamu aliyekuwa amekijua kiota chake. Na bado watu waliona makinda ndani ya makundi, wakifuata wazazi na kuomba chakula. Basi walikuwa wanazaa, tena wanazaa pasipo mbali sana. Kuna nyakati Arabuko-Sokoke ilikuwa na makundi, na kuna nyakati makundi yalitoweka, wasijulikane wamekwenda wapi. Wengine walidhani viota viko juu kabisa ya mirihi, mahali jicho halifiki. Watu wakavunja shingo kutazama juu, mwaka baada ya mwaka, wasione kitu.

Jibu halikuwa juu. Lilikuwa chini, ndani ya maji.

Mwezi Machi mwaka 2013, wanachama wa kikundi cha wenyeji wanaohifadhi pori la Dakatcha, wakiwa pamoja na Fleur Ng'weno, mama ambaye kwa miaka mingi ameongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano jijini Nairobi, walifika kwenye kinamasi kimoja cha msimu huko Dakatcha. Mvua ilikuwa imenyesha, kinamasi kimejaa, na majani marefu ya majini ya jamii ya ndago yamesimama ndani yake. Kwenye majani hayo minana wa Kilifi walikuwa wakijenga, mamia yao, madume weusi na majike wa kijani, wakiruka kati ya kinamasi na miti ya kandokando. Baada ya miaka 100 tangu ndege huyu aandikwe kitabuni, kiota chake kikaonekana.

Nataka tuelewe kwa nini jambo hilo lilifichika muda mrefu hivyo. Kinamasi cha msimu si ziwa. Kwa miezi mingi ya mwaka ukipita hapo unaona bonde kavu lenye nyasi za rangi ya vumbi, mbuzi wakichungwa. Hakuna kinachokuambia kwamba hapo ni mahali pa thamani. Mvua ikija ya kutosha, maji yanajaa, ndago zinaota haraka, wadudu wanazaliana kwa wingi, na kwa muda mfupi panakuwa na kila kitu anachohitaji ndege mwenye watoto. Maji yanazuia adui wa ardhini asifikie viota kwa urahisi. Majani yenyewe ndiyo mhimili wa nyumba, na wadudu ndio chakula cha makinda. Kisha maji yanakauka, majani yanalala, ndege wanaondoka na watoto wao. Na ni wakati huohuo wa mvua ambapo njia za Dakatcha hazipitiki kwa gari. Mtafiti wa kutoka mjini, aliyezoea kuja wakati wa kiangazi barabara zikiwa kavu, alikuwa anakuja ndege wakiwa wamekwisha kuondoka.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyeweza kuinama hapa ni mtu wa Dakatcha mwenyewe, anayekaa huko mvua na jua, anayejua ni bonde gani hujaa kwanza na ni lipi hukauka mwisho. Wenyeji walipopewa darubini na kitabu cha ndege, wakafundishwa kumtofautisha mnana huyu na yule, ujuzi wao wa ardhi ukakutana na ujuzi wa kumtambua ndege. Kimoja peke yake kisingetosha. Mtaalamu alimjua ndege asilijue bonde, na mwenyeji alilijua bonde bila kuambiwa na mtu kwamba ndege wale wa manjano wanaokuja na mvua wanatafutwa na dunia nzima.

Kutokana na ugunduzi huo, ile picha ya zamani ya mahali anapoishi mnana wa Kilifi ilibidi ichorwe upya. Zamani ungetazama ramani ukaona Arabuko-Sokoke imepakwa rangi, ukasema alhamdulillahi, ndege huyu yuko salama, msitu wake unalindwa na serikali. Sasa tunajua kwamba uhai wa makundi yale ya Arabuko-Sokoke unaweza kutegemea mabonde yaliyo ng'ambo ya Sabaki, ndani ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa haina ulinzi. Unaweza ukaulinda msitu ule mti kwa mti, usikatwe hata fito moja, na bado ndege wakapungua wakaisha, kwa sababu vinamasi vya Dakatcha vimelimwa. Ndege wazima wataendelea kuonekana kwa miaka kadhaa, watalii watawapiga picha, na hakuna atakayejua kwamba hawazai tena.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya nilichague somo hili. Maana Dakatcha iko taabuni. Mirihi inakatwa kwa ajili ya mkaa. Unaweza kusimama kando ya barabara ukaona magunia yakipakiwa kwenye malori usiku kuelekea mijini, Malindi na Mombasa. Mashamba ya mananasi yamefungua sehemu kubwa ya pori. Miaka ya nyuma ulikuwepo hata mpango wa kufyeka maelfu ya hekta ili kupanda mibono ya kutengenezea mafuta ya magari, mpango ambao wenyeji na wahifadhi waliupinga kwa nguvu, na ukazuiwa. Ungetekelezwa ule, huenda leo nisingekuwa na habari ya kinamasi cha kukusimulia, kwa kuwa ulikuja kabla ya viota kugunduliwa. Tungefyeka nyumba ya uzazi ya ndege hata kabla hatujajua kwamba ipo.

Simlaumu mchoma mkaa. Mtu mwenye watoto wanaodaiwa karo, shamba lake likiwa mchanga mtupu na mvua imekata, atauchoma mti kwa sababu mti ndio alio nao. Na gunia lile la mkaa haliishii Dakatcha. Linaishia jikoni kwetu, sisi tulio mjini, tunaopikia wali na kuchoma samaki. Mti wa mrihi unaotumia miaka mingi kukua unageuka jivu katika chakula cha siku chache. Kwa hiyo mwenye kupenda ndege huyu na kukaa mjini, sehemu ya wajibu iko kwenye jiko lake mwenyewe. Atumie jiko linalokula mkaa kidogo, au aache mkaa kabisa akiweza.

Na lipo la kutia moyo. Gede, pembeni mwa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka 1993 kuna mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima waliopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza buu wao waliofunga nje ya nchi. Mkulima anapata fedha kwa kuwa msitu umesimama, na anayepata fedha kwa msitu uliosimama hana haja ya kuombwa aulinde. Huko Dakatcha, shirika la Nature Kenya limefanya kazi kwa miaka mingi na kikundi cha wenyeji, kile kilichofika kinamasini. Na A Rocha Kenya, wenye kituo chao Watamu, wamekuwa wakinunua vipande vya ardhi Dakatcha ili viwe hifadhi. Hizi ni hatua za kweli. Ila kinamasi cha msimu kina taabu yake ya pekee. Msitu ukifyekwa, kila mtu anaona. Bonde kavu likilimwa wakati wa kiangazi, hakuna anayeona kwamba kitu kimepotea. Mwenye shamba mwenyewe hajui. Ndiyo maana kuyajua mabonde haya, moja baada ya jingine, na kuyaandika, ni kazi ya haraka kuliko nyingine zote.

Na hapo ndipo ninapokugeukia wewe unayenisikiliza Marafa, Baricho, Garashi, Gede, Sokoke, Jilore, na vijiji vyote vya kandokando. Kazi hii ni yako kabla haijawa ya mtu mwingine. Huhitaji shahada ya chuo kikuu. Unahitaji macho, daftari, na uaminifu wa kuandika ulichokiona peke yake.

Ukiona kundi la minana msituni, usitosheke na rangi ya manjano. Tafuta bawa lenye kingo za manjano. Tafuta jike mwenye mgongo wa kijani katika kundi. Hesabu wangapi, hata kwa kukadiria, na utazame kama wamo makinda wanaoomba chakula kwa kutetemesha mabawa. Andika tarehe, andika mahali kwa jina la kijiji au la bonde kama mnavyoliita wenyewe, maana majina yenu ya mabonde ni ramani bora kuliko za wengi. Kama umeshindwa kuona bawa wala jike, andika hivyohivyo: minana, aina haikujulikana. Taarifa ya namna hiyo ina faida. Taarifa ya kubahatisha iliyoandikwa kwa uhakika inapotosha miaka mingi.

Mvua zikianza, yatembelee mabonde yaliyo karibu nawe. Ukikuta minana wanafuma kwenye majani ya majini, simama mbali. Usiingie ndani ya maji, usikate majani, usiruhusu watoto warushe mawe wala wachukue mayai. Ndege wanaojenga wakisumbuliwa mno huacha viota vyao, na mvua ya namna ile huenda isirudi upesi. Tazama kwa mbali, andika, kisha upeleke habari kwa kikundi cha uhifadhi kilicho karibu nawe au kwa kituo cha Watamu. Na ukilitembelea bonde ukakuta hakuna ndege, andika pia. Kujua bonde lisilotumiwa, na mwaka lisipotumiwa, ni sehemu ya kuijua mvua ambayo ndege huyu anaingojea.

Kwa wale mnaotumia simu za kisasa, uko mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi yote katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi. Mtu yeyote anaweza kuorodhesha ndege aliowaona katika mraba wake, na orodha yake ikaingia katika ramani moja na za wataalamu. Miraba ya Arabuko-Sokoke ina orodha nyingi kwa kuwa ndiko wageni wanakokwenda. Miraba ya ndani, kwenye njia zisizopitika wakati wa mvua, ndiyo yenye njaa ya habari, na ndiko majibu yaliko.

Walimu nao nawaomba jambo. Mtoto wa Kilifi anafundishwa simba na tembo, na ni vyema. Afundishwe pia kwamba kaunti yake ina ndege ambaye hakuna mtoto mwingine duniani, awe wa nchi tajiri kiasi gani, anaweza kutoka nje ya nyumba yao akamwona. Amjue kwa sura, amjue kwa sauti, ajue kwamba mrihi ndio unaomlisha na kinamasi ndimo anamozalia. Mtoto huyo akikua akawa diwani, akawa mpima ardhi, akawa mkulima wa mananasi, siku atakapoletewa karatasi ya kugawa bonde fulani kavu lenye nyasi, atauliza swali ambalo sisi hatukujua kuliuliza kwa miaka 100: mvua ikinyesha hapa, nani huja?

Mnana wa Kilifi yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Kumtoa humo hakuhitaji fedha za ajabu. Kunahitaji mirihi isimame pande zote mbili za Sabaki, na mabonde machache yaachwe yajae maji Mungu akileta mvua. Na kabla ya hayo kunahitaji watu wanaoyajua mabonde hayo kwa majina, na walio tayari kuyasema mbele ya wenye kugawa ardhi. Kama wewe unalijua bonde la namna hiyo, usingoje mtafiti aje kukuuliza. Anza wiki hii: liandike jina lake na mahali lilipo, umpelekee chifu, umpelekee mwalimu, ulipeleke kikundini.